Haut-Lomami: Samaki wageni wakae kwanza pembeni. Namna pipa moja linavyoweza kuokoa bwawa zima Kamina

KAMINA – Mfugaji anayengoja mzigo wa vifaranga vya samaki kwenye stesheni ya Kamina ana wasiwasi mmoja tu: visifie njiani. Vimesafiri ndani ya bidoni ya njano ya lita 20, maji yamepata joto, hewa imepungua. Bidoni ikishuka anaipakia haraka kwenye kinga, anakimbia nyumbani, anafika kwenye bwawa na kumimina vyote. Anaviona vinaogelea. Anapumua. Kwake kazi imekwisha.

Kumbe ndiyo inaanza. Wiki mbili baadaye samaki mmoja anaonekana asubuhi akielea kando ya majani. Kesho yake watatu. Wengine wanajisugua kwenye mawe kana kwamba wanawashwa. Kisha wanaanza kufa wale wa zamani, waliokuwa wamebakiza mwezi mmoja tu kupelekwa sokoni.

Mwandishi wa makala haya anaijua hadithi hiyo kwa sababu ilimpata. Ilikuwa mwezi wa saba, wakati wa baridi. Katika bwawa la ari moja nilikuwa na tilapia 300 wa miezi mitano. Nikaongeza vifaranga 150 kutoka kwa muuzaji wa nje ya mji, nikavimimina siku ileile, magharibi. Siku ya kumi na mbili niliona vidoadoa vyeupe mfano wa chembe za chumvi kwenye mapezi. Mwisho wa mwezi zaidi ya nusu ya samaki walikuwa wamezikwa nyuma ya nyumba, pamoja na miezi mitano ya pumba, ya majani ya muhogo na ya mchwa wa kuwalisha. Nililaumu muuzaji, nililaumu baridi, nikalaumu maji. Lakini mlango niliufungua mwenyewe.

Kitu ambacho kingezuia hasara ile ni pipa moja la plastiki na subira ya wiki chache. Wataalamu wanaita jambo hilo karantini. Makala haya yanaeleza namna ya kuitengeneza na kuitunza hapa kwetu, mahali ambapo umeme ni wa kubahatisha na mwezi wa sita baridi inaingia mpaka ndani ya maji.

Mzima wa macho si mzima wa mwili

Wakaaji wa Haut-Lomami hawahitaji kufundishwa maana ya kumtenga mgonjwa. Kipindupindu kinarudi mara kwa mara katika sehemu za Bukama, Malemba-Nkulu na kandokando ya mto Lualaba. Kila aliyewahi kumpeleka ndugu kwenye kituo cha matibabu ya kipindupindu ameona utaratibu wake: mlango mmoja wa kuingilia, maji ya klorini ya kunawa mikono na kukanyagia viatu, vyombo vya ndani havitoki nje. Ndugu zetu wa Kivu ya Kaskazini na Ituri walijifunza mambo hayohayo kwa uchungu zaidi wakati wa Ebola ya mwaka 2018 mpaka 2020.

Samaki nao ni hivyo. Kifaranga anaweza kubeba vimelea wachache kwenye ngozi au ndani ya matamvua, yale mashavu mekundu anayopumulia, bila kuonyesha dalili yoyote. Akiwa mtoni, vimelea hao hawamsumbui sana, kwa kuwa maji ni mengi na samaki wametawanyika. Safari ndiyo inayomdhoofisha: kukamatwa kwa wavu, kubanana ndani ya bidoni, joto, giza, njaa. Ngozi ya samaki ina ute unaomkinga, na kila mkwaruzo wa wavu unaondoa sehemu ya ute huo. Anapofika kwako ni kama mtu aliyetembea siku tatu bila kula. Ugonjwa aliokuwa ameuzuia unapata nafasi.

Ndiyo maana jicho la siku ya kwanza linadanganya. Samaki mgeni haulizwi kama ni mzima. Anangojewa aonyeshe mwenyewe. Neno karantini lenyewe linatokana na Kiitalia na maana yake ni siku arobaini, muda ambao meli zilingojeshwa mbele ya bandari ya Venice zamani za tauni. Hawakuwa na maabara. Walikuwa na kalenda tu, na kalenda ilisaidia.

Somo kutoka kwa wenye akwariamu

Watu waliolizoea jambo hili zaidi ni wale wanaofuga samaki wa mapambo ndani ya vioo. Wakaaji wa Uvira, Kalemie na Moba wanawajua wale samaki wadogo wa rangi wanaoishi kwenye mawe ya ziwa Tanganyika. Tangu miaka ya 1970 samaki hao wamekuwa wakikamatwa wakiwa hai na kupelekwa kwa ndege Ulaya na Marekani. Mtu wa kule aliyenunua samaki wachache kwa bei kubwa hathubutu kuwatia moja kwa moja ndani ya akwariamu yake. Ana kioo kingine kidogo, hakina mchanga wala mapambo, na hapo wageni wanakaa wiki kadhaa chini ya macho yake. Mgonjwa akitokea katika akwariamu kubwa, naye anahamishiwa hapo atibiwe peke yake.

Mfugaji wa Kamina hana kioo, lakini ana sababu kubwa kuliko mwenye mapambo. Samaki wa yule ni furaha ya macho. Samaki wa huyu ni ada ya shule ya mwezi wa tisa.

Pipa lenyewe

Chukua pipa la plastiki la lita 200 ulikate kwa urefu, kama unavyopasua papai. Unapata mabeseni mawili marefu, kila moja likibeba karibu lita 90 mpaka 100. Sababu ya kulilaza ni hewa. Oksijeni inaingia majini kupitia uso wa maji, kwa hiyo chombo kipana na kifupi kinawapa samaki pumzi zaidi kuliko chombo kirefu na chembamba chenye maji yaleyale.

Angalia sana pipa limetoka wapi. Katika Katanga yetu mapipa mengi yanayouzwa yametoka kwenye migodi na viwanda, na yalibeba asidi au dawa za kusafishia madini. Pipa kama hilo usilitumie hata ukilisugua mwezi mzima. Tafuta lililobeba chakula, kama vile mafuta ya kula au maji ya matunda, na ulioshe mpaka harufu iishe.

Mabeseni hayo mawili yana kazi mbili tofauti, na hapa wengi wanakosea. Moja ni la wageni wazima wanaongojewa. La pili ni hospitali ya wagonjwa. Usichanganye mgeni na mgonjwa katika maji mamoja, maana utakuwa umemwambukiza yule uliyetaka kumkinga. Ukiwa na beseni moja tu, basi siku likiwa na mgonjwa usinunue vifaranga.

Liweke kivulini, mbali na bwawa, mahali ambapo jua la asubuhi linafika kidogo. Usitie mchanga wala udongo chini. Chini pakiwa patupu utaona mavi ya samaki, mabaki ya chakula na samaki aliyelala vibaya. Weka tu kipande cha bomba au chungu kilichovunjika wapate kujificha, kwa kuwa samaki mwenye hofu hali. Funika juu kwa wavu: tilapia anaruka, na ndege mvuvi na paka wa jirani hawaheshimu karantini.

Idadi iwe ndogo. Katika lita 100 za maji yasiyo na mashine ya hewa, vifaranga 20 vyenye urefu wa kidole vinatosha. Aliyenunua 150 achimbe shimo dogo la mita 2 kwa mita 1, lenye kina cha nusu mita, alitandike bashi zima lisilo na tundu. Hapo anapata lita 1.000 za maji. Shimo hilo liwe na kingo za juu ili maji ya mvua yasiingie, na lisiwe na mfereji wowote unaoelekea bwawani.

Maji, pasipo umeme

Vitabu vya kigeni vinaanza na pampu ya hewa, chujio na chombo cha kupasha maji joto. Mkaaji wa Kamina anasoma na kucheka. Lakini inawezekana bila hivyo, mradi mikono ifanye kazi ya mashine.

Tatizo kubwa la maji madogo ni amonia. Ni uchafu unaotoka kwenye matamvua na mavi ya samaki, na hauonekani kwa macho. Katika bwawa la zamani wamo bakteria wazuri wanaoula uchafu huo. Katika pipa jipya hawamo, na huchukua wiki nne mpaka sita kuongezeka vya kutosha. Samaki wengi wanaosemwa wamekufa kwa ugonjwa ndani ya beseni wamekufa kwa sumu hiyo: matamvua yanakuwa mekundu sana, wanahema juujuu, wanalala.

Dawa yake ni ndoo. Kila siku ondoa theluthi moja ya maji, ukivuta uchafu wa chini kwa kipande cha mpira, kisha rudisha maji safi. Yamimine kutoka juu ili yajipige na kuingiza hewa. Maji ya kisima yana hewa chache yanapotoka ardhini, kwa hiyo yapigepige au yahamishe ndoo kwa ndoo kabla ya kuyatumia. Maji ya bomba ya REGIDESO yana klorini inayounguza matamvua. Yaache wazi siku nzima kwenye chombo kipana. Katika hali yoyote, maji mapya yawe na joto karibu sawa na yale ya zamani.

Ukiwa na bwawa au akwariamu yenye samaki wazima, unaweza kutayarisha chujio mapema. Zamisha humo kipande cha sponji kwa mwezi mmoja, bakteria wazuri wajenge ndani yake. Siku ya kupokea wageni kihamishie kwenye beseni. Mwenye sahani ndogo ya sola anaweza kuongeza pampu ndogo ya hewa. Itasaidia sana saa za alfajiri, wakati oksijeni ya majini iko chini kabisa. Ila asiyekuwa nayo asikate tamaa: samaki wachache, uso mpana, ndoo kila siku.

Siku ya kupokea

Usimimine. Elekeza bidoni au mfuko ndani ya maji ya beseni kwa dakika 20 hivi ili joto lilingane. Kisha ongeza maji ya beseni ndani ya bidoni kidogo kidogo, kikombe baada ya kikombe, kwa nusu saa. Mwishowe watoe samaki kwa wavu laini na kuwaingiza kwenye beseni. Maji ya safari yenyewe usiyatie kwenye beseni wala bwawani. Yamejaa amonia na vimelea. Yamwage kwenye shimo au chini ya migomba iliyo mbali na bwawa.

Siku hiyo usiwalishe. Kesho yake anza na chakula kidogo wanachomaliza ndani ya dakika tano. Kinachobaki kitoe, maana chakula kilichooza ni amonia ya kesho.

Wangoje siku ngapi?

Hapa ndipo Kamina inatofautiana na vitabu. Mji uko juu, karibu mita 1.100 juu ya usawa wa bahari, na katika mwezi wa sita na wa saba usiku ni wa baridi. Vimelea wa samaki wanaishi kwa saa ya joto. Tuchukue ule ugonjwa wa vidoadoa vyeupe. Kimelea kinajichimbia chini ya ngozi, kinanenepa, kinaanguka chini, kinapasuka na kutoa watoto mamia, nao wanatafuta samaki mwingine. Maji yakiwa na joto la digrii 25, mzunguko wote unamalizika ndani ya wiki moja au pungufu. Maji yakishuka kufika digrii 15, unaweza kuchukua wiki tatu au zaidi.

Maana yake ni rahisi. Katika kipindi cha mvua chenye joto, wiki tatu mpaka nne zinatosha ugonjwa kujionyesha. Katika baridi ya mwezi wa sita na wa saba, wiki nne zinaweza kupita samaki wakionekana wazima, kumbe mzunguko bado haujamalizika. Wakati huo ngoja wiki sita. Au fanya busara zaidi: usinunue vifaranga kipindi hicho, ngoja joto lirudi mwezi wa tisa. Ikiwa tayari unao, funika beseni kwa mkeka usiku na uzungushie magunia ya majani makavu, kwa sababu maji machache yanapoa haraka kuliko bwawa.

Wiki mbili zikipita bila dalili, fanya jaribio ambalo halihitaji maabara. Toa samaki wawili au watatu wazima kutoka bwawani mwako, uwatie pamoja na wageni. Hawa ni walinzi. Wageni wanaweza kuwa wameuzoea ugonjwa wao, lakini wenyeji hawajauzoea. Walinzi wakibaki wazima mpaka mwisho, unaweza kuwaingiza wote. Wakiugua, umepoteza watatu badala ya mia tatu.

Dalili na msaada wa kwanza

Tenga dakika tano kila asubuhi na dakika tano jioni za kuangalia tu. Samaki mzima anakuja kwenye chakula, mapezi yako wazi, anapumua polepole. Mgonjwa anakunja mapezi, anajitenga, anajisugua, anahema juu ya maji, anabadilika rangi kuwa mweusi, au mwili unaonyesha vidoadoa, pamba nyeupe au vidonda.

Ukiona lolote, jambo la kwanza si dawa. Badilisha nusu ya maji. Mara nyingi hilo peke yake linawainua.

La pili ni chumvi ya kupikia. Inapunguza vimelea vya ngozi na kumsaidia samaki kujenga tena ute wake. Kwa tilapia, kipimo cha kukaa nacho ni gramu 1 mpaka 3 kwa kila lita moja. Beseni la lita 100 linahitaji basi gramu 100 mpaka 300. Usikisie kwa mkono. Mpelekee mwenye duka akupimie kwenye mizani. Iyeyushe pembeni kwanza, kisha igawe mara tatu, sehemu moja kila baada ya nusu siku. Ukibadilisha maji rudisha chumvi ya maji yale uliyotoa tu. Maji yakipungua kwa jua, ongeza maji bila chumvi, maana chumvi haipai na mvuke.

Kwa vidoadoa vyeupe endelea mpaka wiki mbili zipite tangu doa la mwisho kuonekana, na wakati wa baridi ongeza wiki nyingine. Kimelea kilicho ndani ya ngozi hakifikiwi na chumvi. Kinakamatwa tu kinapotoka kuogelea. Anayeacha siku madoa yanapopotea ameacha katikati ya vita.

Mwenye pamba nyeupe iliyoota mahali palipokwaruzwa anaweza kuogeshwa kwa muda mfupi: ndoo ya maji lita 10, chumvi gramu 100, dakika 20 mpaka 30, wewe ukiwa umesimama hapo. Akilala upande, mtoe mara moja umrudishe kwenye maji ya kawaida. Kambale hana magamba na anaungua upesi. Kwake anza na nusu ya kipimo.

Yako mambo ya kukataa. Usimwage vidonge vya tetrasiklini au amoksisilini vya duka la dawa ndani ya maji. Vinaua bakteria wazuri, havifiki kwenye vimelea, na vinafundisha bakteria wabaya kuzoea dawa ambazo kesho mtoto wako atazihitaji. Usitumie ile rangi ya kijani inayoitwa malakiti: nchi nyingi zimeipiga marufuku kwa samaki wa kuliwa kwa sababu inabaki ndani ya nyama. Samaki wakiendelea kufa baada ya maji mapya na chumvi, mwite daktari wa mifugo au maofisa wa inspeksyo ya kilimo, uvuvi na ufugaji, ukiwa na samaki mgonjwa aliye hai. Aliyeoza hamweleshi mtaalamu chochote.

Ndoo yake, wavu wake, mikono yako

Karantini nyingi zinavunjwa na wavu. Mtu anachota mgonjwa kwenye beseni, kisha kwa wavu uleule anachota samaki wa bwawani. Beseni la karantini liwe na wavu wake, ndoo yake na mpira wake. Vifunge kitambaa chekundu ili watoto wasichanganye. Hudumia kwanza samaki wazima, wagonjwa mwisho, kisha nawa kwa sabuni mpaka kwenye viwiko.

Aliyekufa azikwe mbali na maji, kwa chokaa ikiwa ipo. Asitupwe bwawani wala mferejini, asipewe bata, na asikaushwe kwa kuuza. Maji ya karantini yamwagwe kwenye bustani isiyotiririkia bwawani. Muda ukiisha, beseni lioshwe kwa javeli iliyochanganywa na maji, lisuuzwe mara nyingi na lianikwe juani siku tatu likiwa kavu kabisa. Vimelea wengi wa majini hawavumilii ukavu. Na hiyo ndiyo sababu bwawa lililougua linamwagwa maji yote, linatiwa chokaa na kuachwa mpaka udongo upasuke kabla ya kufuga tena.

Si jambo la ua mmoja

Ufugaji wa tilapia una mizizi hapahapa Katanga. Baada ya vita ya pili ya dunia majaribio makubwa yalifanyika kwenye kituo cha Kipopo, karibu na Lubumbashi, na mwaka 1949 wataalamu wa makoloni ya Kibelgiji na ya Kiingereza walikutana katika mji huo, wakati ule ukiitwa Élisabethville, kuzungumzia mabwawa ya samaki. Mwisho wa miaka ya 1950 inchi nzima ilihesabiwa kuwa na mabwawa zaidi ya 100.000. Mengi yaliachwa baada ya hapo. Leo, samaki wa Bukama wanapokuwa ghali na thomson wa barafu akitoka mbali, watu wanarudi kwenye majembe na kuchimba tena.

Lakini kurudi huko kunahamisha samaki hai kutoka mahali hadi mahali, na magonjwa yanasafiri nao. Mwaka 2006 na 2007 wavuvi wa Botswana, Namibia na Zambia kwenye mito Chobe na Zambezi walianza kuvua samaki wenye vidonda vyekundu vinavyokula nyama mpaka mfupa. Ulikuwa ugonjwa uliojulikana kwanza Asia, unaoletwa na kiumbe mfano wa ukungu kiitwacho Aphanomyces invadans. Mwaka 2018 watafiti walichapisha habari kwamba umefika katika mabwawa ya asili ya Bangweulu, Zambia, na kuandika kuwa ndiyo mara ya kwanza unaonekana katika sehemu ya juu ya bonde la mto Kongo. Maji ya Bangweulu yanashuka kwa Luapula, yanapita ziwa Mweru, yanaingia Luvua na kukutana na Lualaba pale Ankoro. Ugonjwa huo unapenda maji yaliyopoa, ya digrii 18 mpaka 22, na siku za baada ya mvua kubwa. Ukishaingia mtoni hakuna anayeweza kuutoa.

Njia ya maji ni ndefu. Njia ya bidoni ni fupi: siku chache za barabara au za reli. Maziwa ya Upemba na Kisale yanalisha maelfu ya jamaa za wavuvi, na maji ya Kamina, yawe yanaelekea Lualaba au Lomami, mwisho yanaingia mto uleule mmoja. Bwawa linalofurika mwezi wa pili linapeleka mtoni kila kilichomo, samaki na ugonjwa wake. Kwa hiyo anayewangojesha wageni wake pembeni hakingi bwawa lake peke yake. Anakinga na wavu wa mvuvi asiyemjua huko Kikondja.

Mwaka uliofuata hasara yangu nilinunua tena vifaranga, 40 tu, mwezi wa kumi. Nilivigawa katika mabeseni mawili ya pipa lililokatwa. Watoto walichoka kuniuliza ni lini vitaingia bwawani. Siku ya tisa, katika beseni la kwanza, niliona vidoadoa vyeupe kwenye vifaranga wanne. Nilibadilisha maji, nikapima chumvi, nikangoja, nikapoteza saba. Vilivyobaki viliingia bwawani baada ya wiki sita, na samaki wa zamani hawakuguswa hata mmoja.

Saba ni hasara. Lakini ni hasara inayoingia ndani ya ndoo moja.